Herufi za Chini ya Zero

Nchelenge, 3 Februari 2025

Ndugu yangu Méschac,

Habari ya Lubumbashi? Hapa tuko wazima. Joto la ziwa halijaniua, hasira pia haijaniua.

Ordinatere, kompyuta yetu ya zamani, imekufa. Ile ndogo uliyotuma inawaka muzuri na betri ya jua, lakini programu ya kupanga gazeti inakataa kufunguka. Royd wa komite ya soko amesema: kama gazeti letu la Kiswahili halijabandikwa kwenye ukuta wa soko siku uvuvi unafunguliwa, tarehe moja Machi, ukuta wetu unapewa mabango ya soda. Akaongeza, "Mama Marlène, Kiswahili ni cha kupatana bei ya samaki. Nani anakisoma?"

Mimi sina ukuta mwingine.

Yaya yako,
Marlène

Lubumbashi, 9 Februari

Yaya Marlène, dada yangu mukubwa,

Nimefurahi kusikia hasira yako iko na afya. Sisi pia tuko muzuri. Muguu wa mama unapona.

Programu haina ugonjwa. Iliandikwa kwa prosesa, ule ubongo wa mashine, ya aina ingine. Kila programu iliyoandikwa kwa lugha ya C inaegemea maktaba, yaani kifurushi cha kazi ndogo-ndogo: kufungua faili, kuomba memori, kutambua herufi. Maktaba hiyo imefika kwenye prosesa mupya kama mutu aliyeshuka Nchelenge bila neno moja la Kibemba. Hakuna aliyeihamisha, basi ninaihamisha mimi. Sehemu zinazoongea na prosesa yenyewe ninaziandika upya. Jirani yangu Parfait atavuka mupaka na kadi ya memori akija kununua samaki kavu.

Ndugu yako mudogo,
Méschac

Nchelenge, 17 Februari

Mschac,

Afya yako nitaiuliza nikitulia.

Programu imefunguka, nikapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaoa. Kisha nikachapa. Félix, mwenzangu wa gazeti, amekuwa Flix. Mimi ni Marlne. Stéphanie anayeuza chisense, dagaa kavu za ziwa, mulangoni mwa soko ni Stphanie. Ameuliza kama hiyo ni dawa ya minyoo. Wenyeji hawakuguswa: Nsama amebaki Nsama, Chipego amebaki Chipego. Ni sisi wa ng'ambo ya Kongo tu tuliopunguzwa. Majina haya wakoloni walitupa bila kutuuliza, na sasa mashine inayang'oa vipande bila kutuuliza. Nakataa mara zote mbili.

Royd ameona karatasi. Alicheka mpaka akakaa chini.

Yaya yako, kwa herufi zote,
Marlène

Lubumbashi, 26 Februari

Yaya,

Mama anakusalimia, sasa anatembea mwenyewe. Unisamehe kimya, sikutaka kuandika na mikono mitupu.

Ndani ya mashine kila herufi ni namba. Prosesa ya zamani ilihesabu herufi zenye aksenti, ile alama ya juu ya é, kuwa chini ya zero. Mwenye kuandika maktaba alizoea hivyo, akaweka swali: "Iko chini ya zero? Basi ina aksenti." Prosesa mupya haijui herufi ya chini ya zero, kwa hiyo é inaonekana takataka, inatupwa. Anayeandika Kiingereza, kisicho na aksenti, hawezi kuona kosa hilo. Herufi za kawaida zinaishia 127, basi sasa swali ni lingine: "Imepita 127?"

Niliwatumia wenye maktaba marekebisho, wameyakubali. Wakibadilisha kitu chochote, maktaba yao inajaribiwa kwanza kwa neno moja: Marlène.

Kadi iko kwa Parfait.

Ndugu yako,
Méschac

Nchelenge, 1 Machi

Ndugu yangu Méschac,

Tuko wazima, tena sana. Mubusu mama.

Kwa hiyo miaka yote tulikuwa chini ya zero, na mutu aliandika hivyo akaenda kula. Nimelitia hilo ukurasa wa kwanza. La komite kukodisha ukuta wa watu kwa soda nimelitia chini yake.

Gazeti liko ukutani tangu asubuhi. Stéphanie alisoma jina lake kwa sauti, akigusa kila aksenti kwa kidole chenye magamba. Félix anasema makala yangu ni ndefu, tumegombana vizuri.

Kisha akaja Royd. Alisimama pale muda murefu, midomo ikitembea.

"Mama Marlène, umetutukana."

"Wapi?"

"Hapa, mustari wa tatu. Na hapa. Na huku mwisho ndiyo mbaya zaidi."

Soko lote likacheka, naye akaelewa kwamba amekisoma mwenyewe, akacheka pia. Anadai nafasi ya kunijibu. Nimemupa ukurasa mzima, ila ajibu kwa Kiswahili. Sasa hivi amekaa kwenye kreti karibu yangu, anauliza "mabango" inaandikwaje.

Yaya yako,
Marlène