Kiti Kipya cha Pikipiki

Kaka yangu,

Pole zako za msiba zimefika. Watoto hawajambo, paa bado linavuja.

Uliuliza kwa nini Baba hakufikishwa hospitali. Shemeji yako alituapia kwamba pikipiki imegoma. Aliipiga kiki mpaka jasho likamtiririka, nasi tukamwonea huruma! Jana nikamwita fundi. Hakufungua hata skrubu moja. Aligusa tu swichi nyekundu ya kuzimia injini, pale kwenye usukani, akapiga kiki, ikanguruma.

“Nani aliizima hii?” akauliza.

Mume wangu akatazama chini. “Mzee alikuwa anatapika,” akasema, “na kiti ni kipya.”

Ptuu! Asubuhi hii nimemkuta anakipangusa tena.

Njoo unichukue.

Dada yako, ninayelala jikoni tangu jana.