Mama Rahab Amekataa Kutuuzia Mbwa

Malili,
Jumatatu.

Kwa kaka yangu Muthama,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na mke wako Kavindu na watoto wote. Je, mvua imewafikia huko Kabati? Huku kwetu ilinyesha ya kudanganya watu, tukapanda, kisha ikapotea, na sasa mahindi yamejikunja. Duka linaendeleaje? Na mgongo wako? Usiniambie bado unabeba mifuko ya simiti mwenyewe kama kijana wa mjengo. Sisi huku tu wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu. Habari za Mama nitakueleza, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Najua utashangaa, barua siku hizi? Lakini tangu Pasaka nikikupigia simu hushiki, na ukishika tunagombana hata kabla ya kusalimiana. Ulimi wangu ni mkali, sikatai, na wako pia si asali. Karatasi haimkatizi mtu maneno. Nimempa Kiema wa lori ya ndengu, na nimemwambia asitoke hapo dukani mpaka akuone ukiifungua. Mpe soda, ukae chini, usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Kwanza niseme lile ulilolisema Pasaka. Ulikuja na mguu wa mbuzi na unga, umevaa koti la kanisani, na Mama alipokuona mlangoni akajifunika leso kichwani, akakimbilia chumbani, akafunga. Ulimbembeleza mpaka chai ikapoa. Hakutoka, hakula nawe, hata mkono hakukupa. Ukaondoka ukisema nimemlisha maneno mabaya juu yako ili nibaki naye peke yangu. Ukasema Agosti utakuja kumchukua umrudishe Mutomo kwenye boma lake, akae kwa amani, kwa sababu hana ugonjwa wowote isipokuwa upweke na mimi. Muthama, maneno hayo yaliniingia. Siku nyingi nilikaa kwenye cherehani nikishona sare za shule huku natukana kimoyomoyo, na aliyetukanwa unamjua.

Lakini baadaye nikasema, haidhuru, labda kweli ni upweke. Mimi niko kwenye cherehani pale mbele ya nyumba, mume wangu Nthiwa yuko kazini Athi River, na Mama anashinda kwenye kiti akiangalia ukuta. Nikakumbuka Mutomo hakuwahi kukosa mbwa mlangoni. Hapa mwenye ploti hataki mbwa mkubwa. Ndipo Ndululu wa kwaya akaniambia kuna mama mmoja nyuma ya kituo, Mama Rahab, mke wa Nderitu, watu waliohamia hapa kutoka Nyeri, ambaye anafuga mbwa wadogo wanaoitwa chiwawa. Mbwa mzima haachi kuwa mdogo, unaweza kumtia kwenye kikapu cha mayai. Najua sasa unacheka. Nilipokutumia picha yake ulinijibu kwamba hata kuku atamfukuza. Sawa, cheka, lakini soma.

Wueh, kaka, yule mama! Nilidhani naenda kununua, kumbe naenda kuhojiwa. Alinivulisha viatu mlangoni, akaninawisha mikono, na bado hakuniruhusu kushika kitu. Akaniletea kwanza mama wa wale watoto wa mbwa nimwone, na kadi za chanjo, na akaniambia daktari wa mifugo ameshawapima moyo na magoti. Nikamwomba anipe yule mdogo kuliko wote. Akaniambia huyo hauzwi, yeye ni mdogo kwa sababu ni mdhaifu, na wale wanaouza vijibwa barabarani wakiviita vya kikombe wanauza wagonjwa au waliotolewa ziwa mapema. Wake hawatoki nyumbani kabla ya miezi mitatu. Na tukishindwa kumlea, tusimpe jirani wala tusimtupe, tumrudishe kwake, hata baada ya miaka. Nilipouliza bei akasema bei ni neno la mwisho. Nilijiona kama niliyeenda kuposa msichana kwa watu wanaoringa.

Kisha akauliza nani atashinda na huyo mtoto mchana. Nikasema Mama yetu. Akasema basi nimlete, kwa sababu kiumbe kidogo hivyo kinakula kidogo kidogo, mara nyingi, kwa saa zake. Akikosa chakula anatetemeka, sukari inaisha mwilini, anakufa mikononi mwako. Akishindiliwa pia anaugua. Mtu wa kumlisha lazima awe na kichwa kilichotulia. Mimi nikajisifu kwamba Mama alilea watoto, ndama na mbuzi mapacha, sembuse kambwa.

Tukaenda Jumamosi. Mama alivaa ile nguo ya bluu ya Umoja wa Akina Mama, akajipaka mafuta, akatembea mbele yangu. Mama Rahab alimpokea vizuri, akamwita mama, akamweka kwenye kiti kizuri na kumpakatisha mtoto mmoja wa rangi ya mchanga. Kaka, ungemwona! Uso wote ulifunguka. Alimwimbia kale kawimbo ka kutwanga alikokuwa akituimbia. Mama Rahab akampa kisahani cha chakula amlishe, akanivuta jikoni tunywe chai, na mlango akauacha wazi.

Tuliporudi akamwuliza Mama kama mtoto ameshakula. Mama akasema bado, maskini, hajaonja kitu tangu asubuhi. Akapewa kisahani kingine, akamlisha. Tukaondoka kidogo, tukarudi, akaulizwa tena, na tena akasema mtoto ana njaa, hapa watu wana roho gani. Mimi nilicheka. Nikamwambia Mama Rahab kwamba bibi ni bibi, hata mbwa atamnenepesha. Yeye hakucheka. Alimchukua yule mtoto pole pole, tumbo limekaza kama ngoma.

Hapo ndipo Mama alinigeukia. Alinishika sketi kwa mikono miwili, akaniita mwaitu, mama yangu, akaniomba nisimchape. Akasema hakufanya vibaya, alikuwa anamlisha tu, na nikikubali aende naye nyumbani atachota maji kila siku na kuwachunga mbuzi wote hata wale watundu, na hatalala tena malishoni. Alikuwa analia machozi ya kweli, Muthama. Machozi ya msichana mdogo kwenye uso ule.

Sasa wewe unajua jinsi tulivyo. Mimi nilipewa jina la mama yake, na tangu nizaliwe ameniita mwaitu. Mama wa Kikamba gani hamwiti hivyo binti aliyerithi jina la bibi? Akiniomba ruhusa ya kutoka, akiniuliza kama amekosa, akificha kipande cha mkate chini ya mto, mimi nilidhani ni ule utani wetu wa siku zote. Majirani walisema nina bahati, mama yangu ananipenda hivyo. Nami nikavimba kichwa. Mama Rahab akaniambia hata kwao ni hivyo hivyo, majina yanarithiwa na bibi anamtania mjukuu, na ndiyo maana alitaka kuuliza badala ya kudhani. Akapiga magoti mbele ya Mama, akamwuliza mimi ni nani. Mama akajibu bila kusita kwamba mimi ni mama yake, Ndunge. Akamwuliza kama yeye mwenyewe ana watoto. Mama akaziba mdomo kwa leso, akacheka kwa aibu, akasema yeye bado ni msichana, ataolewaje wakati mbuzi wa mahari hawajatosha.

Nikakaa chini sakafuni. Sikuona hata kiti.

Mama Rahab alikataa kutuuzia. Alikataa akiwa amenishika mkono, na hakuniambia kwa kiburi. Alisema mtoto yule angekufa ndani ya wiki, na Mama angelia kila siku bila kujua analilia nini, na mimi ningejilaumu. Alisema nimpeleke hospitali kabla ya kufikiria mbwa wa aina yoyote. Nilimkasirikia, nitakudanganya nini? Njia nzima kurudi nilimsema vibaya moyoni, eti amemwona Mama kwa saa moja na amejifanya daktari. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumatatu iliyofuata nilifunga cherehani tukaenda.

Daktari alimwuliza Mama mwaka, akamwomba achore saa, akamtajia vitu akamwambia avirudie. Akampima damu na kichwa pia. Ni ugonjwa wa ubongo, kaka, unaokula kumbukumbu, na umeanza zamani, pengine hata kabla Baba hajafariki. Si uzee tu, wala hakuna aliyemtupia uchawi, kwa hiyo usimsikilize yule shangazi wetu. Kuna dawa za kuupunguza mwendo, za kuuondoa hakuna. Daktari alisema asiachwe peke yake na moto wala na njia. Mutomo kuna moto wa kuni, na kuna ule mto mkavu ambao siku maji yakishuka hayapigi hodi. Nakuomba, Muthama, nakuomba kwa jina la Baba, usimrudishe kule.

Kwenye simu anakudanganya vizuri, najua. Anakuambia Mungu ni mwema, watoto hawajambo, mvua inakuja. Hayo maneno hayahitaji kumbukumbu. Mimi ninayeishi naye yalinipita, wewe wa Kabati ungeyajuaje?

Siku nyingine ni msichana wa mbuzi, siku nyingine ni bibi arusi aliyeletwa juzi tu. Mwanzoni nilikuwa namrekebisha. Nilimwambia mimi ni binti yake, mama yake alikufa zamani, na alilia msiba mpya kabisa, kama ameletewa habari saa ile. Sirudii. Sasa akiniita mwaitu naitika. Namsuka nywele, namruhusu kutoka, namwambia hakuna mtu atakayemchapa. Mchungaji akisema ni uongo, acha nihukumiwe.

Mama Rahab amekuja nyumbani mara mbili kutuona. Ana jike mmoja aliyestaafu kuzaa, mtu mzima mtulivu, asiyehitaji kulishwa kila saa, na ameniuzia huyo kwa sharti kwamba mwenyewe ni mimi, chakula kiko juu ya kabati, na Mama kazi yake ni kumpakata tu. Kabla ya kumtoa alikagua hata geti letu kama lina mwanya. Mama amemwita Simba. Nilipomwambia ni jike, na ni mdogo kuliko kiazi kitamu, alinijibu kwamba atakua.

Sasa nimefika kwenye neno lililo gumu. Jana baada ya kanisa nilikuwa naangalia picha zako za Pasaka kwenye simu, ile uliyosimama mlangoni na koti. Mama akachungulia begani kwangu. Mara akavuta leso kichwani, akageuza uso, akaniambia niifunike haraka. Nikamwuliza, kama mama yake, anamwogopa huyo kwa nini. Akashangaa nisimjue. Akasema huyo ni baba mkwe wake, na bibi arusi mwenye adabu hasimami mbele ya baba mkwe, hali naye, hampi mkono.

Kaka, wewe una jina la Babu Muthama, na sasa una kipara chake, na tumbo lake, na ule mwendo wake wa kuingia kama mwenye nyumba. Mama hakukukataa siku ile. Hakuna neno baya nililomwambia, na hakuna neno baya alilokuwa nalo. Alikuwa anakupa heshima yote aliyofundishwa, na wewe ulikuwa upande wa pili wa mlango unamwita Mama. Nilipolijua hili nilienda nyuma ya nyumba nikalia kwa ajili yako, mimi niliyekutukana miezi mitatu.

Kwa hiyo njoo, usingoje Agosti. Lakini ukija, kaa barazani. Usiingie chumbani, usimwambie wewe ni nani. Msalimie kwa mbali kama mzee anavyomsalimia mke wa mwanawe, umtakie baraka. Atakutumia chai kwa mkono wangu, ameshaniuliza kama unapenda sukari nyingi. Najua ninakuomba kitu kizito, na kwamba unaweza kushindwa, na ukishindwa sitakulaumu.

Nisalimie Kavindu na umwambie gauni la Mbithe liko tayari. Nthiwa anakusalimu sana. Salamu kwa wote wa kanisani wanaotuombea, waendelee.

Na Mama naye ametuma salamu zake. Alisikitika kwamba siku ile mzee aliondoka na hasira na nyama hakuila. Akaniambia nikutumie neno hili, nami naliandika lilivyotoka kinywani mwake: nimwambie mzee asimkasirikie, yeye ni mgeni bado katika boma hili, lakini Mungu akimjalia mtoto wa kiume, wa kwanza kabisa, atampa jina lake, na atampenda mtoto huyo kuliko macho yake.

Ni mimi dada yako,
Ndunge.