Kikombe cha Sita

Msambweni,
Jumapili asubuhi.

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, mama. Natumai barua hii itakukuta salama hapo Tiwi, na kwamba goti limetulia tangu uanze dawa mpya. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Wajukuu wako wanakula vizuri na wanagombana vizuri zaidi. Husna ameng'oka jino la mbele na ameniagiza nikwambie kwamba hakulia, ingawa alilia.

Utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza uniulize nimepika nini, nami ningeshukuru kupata pa kukimbilia. Tafadhali isome mwenyewe. Usimpe mdogo wangu Swabir akusomee, hata kama miwani imepotea tena.

Kazi yangu unaijua juu juu. Huwaambia majirani kwamba binti yako ni daktari wa mawazo, na sijawahi kukusahihisha. Miaka miwili hii nimekuwa nikiwatembelea Wamakonde wa huku, ambao babu zao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Siwaulizi habari za kupigwa wala kufukuzwa. Nawauliza mambo madogo ambayo mtu hawezi kwenda kuyashtaki popote, kama vile mwalimu anayemsifu mtoto kuwa ana akili ingawa ni Mmakonde. Yupo kijana aliyefanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Diani miaka tisa bila hata siku moja kupelekwa mbele kwa wageni, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini. Vitambulisho wamepata, lakini harusini wakifika kwenye sinia watu husogea kidogo, kwa tabasamu. Ukiwauliza wametukanwa lini, watakwambia hawajatukanwa.

Jumamosi ijayo tuna mkutano hapa, walimu wakuu na wakubwa wa hospitali waje kuwasikiliza. Nimekualika ukae mbele, na nasikia umeshashonesha dera jipya. Ndiyo sababu siwezi kunyamaza tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kumhoji mama mmoja ambaye amekubali kusimama mkutanoni. Nilipoingia nikamjua. Ni Hannah, mama, yule Mmakonde aliyekuwa akishona makuti nawe uani tulipokuwa tukikaa Gazi. Yeye hakunijua. Nimenenepa, navaa miwani, na natumia jina la mume wangu. Ningepaswa kujitambulisha papo hapo. Badala yake nilifungua daftari.

Alinisimulia kwamba zamani alishona makuti miaka sita katika nyumba ya watu wema. Mama wa nyumba hiyo alimpelekea uji alipojifungua, na hakumpandishia sauti hata siku moja. Lakini chai ya saa nne yeye alitiliwa katika kikombe cha bati cha kijani kilichotundikwa kwenye msumari nje ya jiko, na wengine wote walikunywa katika vikombe vya ndani. Hakuna aliyemweleza, naye hakuuliza, maana makuti ndiyo yaliyowalisha wanawe. Siku moja cha bati hakikuonekana, na mama wa nyumba akamtilia katika kikombe cha maua mekundu. Alisema alikishika kwa mikono miwili na chai hiyo aliinywa polepole. Wiki hiyohiyo hakuitwa tena kazini. Mpaka leo anajiuliza kama ni kwa sababu ya kile kikombe, kama labda alipaswa kukataa. Mwisho akasema kulikuwa na mtoto wa kike aliyemletea chai kwa heshima, akipiga goti na kumwamkia, na kwamba anamwombea dua mtoto huyo popote alipo.

Niliandika yote, mwandiko mzuri kabisa. Kisha nikaenda kukaa garini na kulia.

Kile cha bati ulikitenga wewe, mama. Ulisema hiki ni cha Hannah, kana kwamba unampa zawadi, na naamini hukuwaza zaidi ya hapo. Lakini kile cha maua sikupata kukwambia habari zake. Ulinituma nikakioshe. Shuleni walikuwa wakituambia kwamba anywaye baada ya Mmakonde atatokwa na chale usoni kama za wazee wao, nami niliogopa, na zaidi ya kuogopa nilichukizwa. Nilikitupa chooni. Jioni ulipovipanga kabatini ukakuta vitano badala ya sita, ukaniuliza. Nikakujibu kwamba nilimwona Hannah akitia kitu kikapuni mwake.

Hukumgombeza wala hukumwita umuulize. Ulianza tu kumwita mwanamke mwingine. Nakwambia hili kwa adabu zote: kama angekuwa mtu kama jirani yako Maimuna, ungemuuliza.

Katika vitabu vyangu nimeandika kwamba wenye kufanya mambo haya mara nyingi hawajui wanachokifanya. Watu hunipigia makofi kwa sentensi hiyo. Mimi nilijua. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kwamba nikilitaja jina lake hutataka ushahidi. Naona aibu, mama, na sijui niiweke wapi.

Nimemwalika Hannah kwangu Ijumaa baada ya swala ya alasiri, na amekubali. Nitamwambia mimi ni nani na nilifanya nini. Akitaka kututaja kwa majina siku ya mkutano, atutaje, nami nitakuwa nimeketi palepale. Wewe ukiona huwezi kuja, sitakulazimisha, na mapenzi yangu kwako hayatapungua. Ila ukija, nakuomba uje tangu Ijumaa, na vile vikombe vitano. Vifunge vizuri kwenye kanga. Nitapika chai, nawe utamtilia, kama ulivyomtilia siku ile. Asipotaka kunywa, tutaviosha na kuvirudisha.

Nisalimie Swabir, na Bi Maimuna, na wote wanaoniulizia hapo mtaani. Wajukuu wanakubusu mkono. Niombee dua, mama, na uniwie radhi.

Ni mimi mwanao,
Mwanatumu, niliyekuwa nikipeleka chai.