Jina Lako Kwenye Mvule wa Kaya

Mjambere, Kisauni
14 Agosti 1994

Kwako kaka yangu Kombe,

Pokea salamu zangu na za mama, ambaye ameamka vizuri leo na ameshanigombeza mara mbili. Huko Voi hamjambo? Shemeji na watoto wazima? Mimi ni mzima, ila magoti yanalia, na hasira yangu haijashuka tangu Jumamosi iliyopita.

Hoteli yetu ya Nyali ilitupeleka wafanyakazi matembezini, na katika mahali pote wakachagua kaya yetu, msitu ule ule wa matambiko ya wazee. Siku hizi serikali imeitia katika hifadhi ya taifa, ina geti na kitabu cha wageni. Mimi mtunza bustani nikajigamba ndani ya basi kwamba miti ile naijua mmoja mmoja. Kupanda kilima cha kwanza tu nikawa wa mwisho. Mbeyu wa chumba cha dobi akaniuliza kama tumbo litangulie, mwenyewe nifike kesho. Nikamwambia nawalinda nyuma.

Lakini kaka, ile mivule! Vigogo kama nyumba, na majani yamefunga juu hata adhuhuri hulioni jua. Nikavua viatu kama tulivyofunzwa. Wenzangu wakadhani vinanibana, na kweli vilikuwa vinanibana. Hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka. Huyu ana redio begani inapiga kelele, yule anamenya mayai na kutupa maganda kwenye mizizi ambapo baba hakuthubutu hata kukohoa. Nikawakanya. Wakacheka.

Kisha Margaret, mama anayeongoza wageni, akatusimamisha kwenye ule mvule mkubwa kuliko yote. Akatuonyesha herufi kwenye gome, zimetanuka kama kovu la zamani: KOMBE. Akasema tumtazame mtu asiye na haya, mti umeishi karne tatu, yeye anauchoma kisu apate sifa. Mbeyu akadakia kwamba mtu wa namna hiyo kwao hakufunzwa. Wakaangua kicheko, mpaka dereva.

Nikampigia Mbeyu kelele anyamaze, huyo ni kaka yangu wa tumbo moja na hakufanya. Akanijibu: kumbe mti ulijiandika wenyewe?

Wazee wa kaya nao walisema hivyo hivyo mwaka ule wa sitini na moja. Kijiji kizima aliyejua kuandika ni wewe, na jina ni lako. Wakakutoza mbuzi mweusi, na ulipokataa kukiri wakakufungia kaya na nyumba ya baba. Kijana wa miaka kumi na sita! Baba alizikwa hukuwapo, na mama hadi leo anauliza kwa nini huji. Wazee gani wale, Kombe? Hakuna hata mmoja aliyetazama herufi ziko usawa gani. Zinanifika kiunoni. Wewe ulikuwa ukiinama kupita mlangoni kwa baba. Nani angepiga magoti aandike jina lake?

Aliyeandika alikuwa na miaka minane. Ulikuwa ukinifundisha herufi mchangani kwa kijiti, na neno pekee nililolijua lilikuwa lile la juu ya daftari lako. Langu sikulijua. Nilitaka mti nao uone kwamba naweza. Ni mimi, kaka. Nilinyamaza baba alipokupiga, nikanyamaza ulipobeba sanduku, nikanyamaza miaka thelathini na mitatu, halafu Jumamosi nikawa hodari wa kuwakaripia watu kwa maganda ya mayai.

Kesho yake Jumapili nilimwambia mama. Hakulia. Aliniambia nitoke, nikakaa uani mpaka kivuli kikahama ukuta. Aliponiita alisema mbuzi yule ni juu yangu kumtoa. Basi Jumamosi ijayo nitasimama mbele ya wazee waliobaki, na mbuzi mkononi, niseme kama nilivyokuandikia.

Barua zote za nyuma niliandikiwa na jirani. Hii nimeiandika mwenyewe kwa herufi nilizojifunza kwenye masomo ya ngumbaru, maana maneno haya huwezi kumtuma mtu. Makosa ya kalamu yavumilie. Lile la kisu usilivumilie mpaka utake mwenyewe.

Shemeji umpe salamu, na watoto uwabusu. Mama anasema ukija uende kwake moja kwa moja. Kwangu utafika siku utakayopenda.

Ndimi mdogo wako,
Ngowa