Mimi Si Dhambi ya Mtu

Ngara, Jumapili usiku, Agosti 2006

Na eti wote wakalia! Wanawake wazima wa jumuiya yetu ya kanisa, tumejaa kwa Mama Njeri kule Kileleshwa mbele ya ile televisheni yake kubwa, wanamlilia mtawa wa sinema.

Mtawa mwenyewe ni kijana. Mama yake anafika langoni mwa monasteri, naye anakataa kumwona. Halafu analala kifudifudi kanisani, anaungama kwamba kumkumbuka mama ni dhambi. Abati, mkuu wa monasteri, anamsifu. Huo ndio utakatifu?

Mimi sikulia. Nilikuwa nimepewa kiti cha mbele kama kawaida, kwa sababu mimi ndiye Mama Bruda, mama wa mtawa. Nani mwingine pale ana mtoto monasterini? Hakuna.

Mama Njeri akanigeukia, anajipangusa macho. "Mama Bruda, Peter wako akifika hapo si utafurahi!"

"Sana," nikasema. Ningemrushia kikombe cha chai.

Hawajui. Wakati wa Pasaka Peter aliniambia, "Mama, usije tena mpaka nikuite." Hakunitazama usoni. Nilidhani amechoka tu. Sasa kila nikifumba macho namwona kwenye sakafu baridi, anaomba msamaha kwa ajili ya...

Hapana. Mimi si dhambi ya mtu. Ishara ya msalaba alifundishwa na mkono huu, kabla hajajua kusema maziwa.

Jumamosi naenda na chapati zangu. Akitaka kunikataa, aje langoni anikatae mwenyewe, nikiwa nimezishika mkononi.