Upande wa Mwangwi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na yule jirani mshonaji, ameshaurudisha mkasi wako au ndiyo umekuwa wake? Mimi ni mzima wa mwili. Hayo mengine utayasoma hapa chini, na nakuomba ukae kwanza.

Niko korongoni, wiki ya pili sasa. Ofisi ya ramani ilitaka mtu wa kuandika historia ya migodi ya zamani na kuonyesha milango yake ilikuwa wapi. Nilijitolea kabla hawajamaliza kuuliza. Ni hapahapa ardhi ilipoporomoka na kumfukia kaka na wenzake, miaka kumi na moja iliyopita.

Mahali hapa mwili hunisisimka mchana kweupe. Ukikohoa, mtu anakohoa ng'ambo ya mto. Mzee anayenipikia alikuwa mmoja wa waokoaji. Aliniambia kwamba walisikia kugonga, mara tatu, mara tatu, kwenye ukuta wa kushoto. Lakini kifusi kilikuwa kimefunika milango yote, na ramani ilisema mgodi uko kulia. Basi wakaambiana ni mwangwi, wakachimba kulia. Siku ya nne wakakata tamaa, na mimi nikakuambia alikufa papo hapo.

Mvua za mwaka huu zimezoa kifusi cha kushoto. Jana niliingia na taa. Juu kabisa ukutani, asipofika mtu ila kaka, Twiga wetu aliyeinama kila mlango, kuna mistari ya chaki na saa yake imetundikwa kando. Mistari ni tisa, Mama, mmoja kwa kila siku. Yeye yuko chini yake. Nimemfunika kwa koti langu.

Ramani ile niliinakili mimi, mwezi wangu wa kwanza kazini. Ya zamani ilikuwa karatasi angavu, michoro yake ikionekana pande zote mbili, isiyo na maandishi, majina yalikuwa daftarini. Niliilaza kifudifudi, kushoto kukawa kulia, kisha nikaandika majina kwa mwandiko ambao bosi aliusifu. Niligundua mwaka uliofuata maporomoko. Nikanyamaza, kwa woga tu.

Kabla ya kutoka niligonga mwamba mara tatu. Humu hata kikohozi hurudi. Kugonga hakukurudi.

Msalimie mshonaji. Kesho kutwa tunamleta kaka nyumbani. Fungua mlango mkubwa, asiiname. Mimi nitabaki nje mpaka uniite, na usiponiita nitaelewa.

Ni mimi mwanao wa mwisho,
mchora ramani.