Betri ya harusi ya babu Awadh

Jovina, nimetoka kwa bibi Bahiya sasa hivi. Babu yako hakukosea. Hakukosea kabisa!

Si tunaambiwaga mwaka hamsini na sita, hapa Temeke, babu yako, fundi Kamugisha, alifunga betri mbovu kwenye kigari cha spoti cha babu Awadh, ikalipuka asubuhi ya harusi, Awadh akapofuka?

Uongo. Babu yako alimchagulia betri ndogo, yenye mpira wa kutolea hewa nje. Awadh akang'ang'ania ya lori, gari lisije likamzimikia na bibi harusi ndani. Kamugisha akamsihi, "Basi usilifunike. Hewa ya betri hii inashika moto."

Awadh akalifunika turubai, viti visiingie vumbi.

Halafu bibi. Bibi Bahiya mwenyewe, dada yake Awadh! Kapenyeza chetezo chenye makaa chini ya turubai avifukize viti udi, na betri iko nyuma ya viti. Awadh alikuwa ameinama upande wa pili akifungua kamba. Hakumwona.

Babu yako akaitwa muuaji wa macho, akaacha ufundi. Bibi kimya.

Nikamuuliza, "Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu wote wawili wameshakufa."